Safari ya Roma na Kibubu cha Maskini

Tarehe 6 Januari 2026, siku ya Epifania, Baba Mtakatifu Leo XIV aliufunga Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mt. Petro mjini Roma. Ndivyo ulivyokwisha Mwaka wa Jubilei, ambao Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, alikuwa ameufungua tarehe 24 Desemba 2024. Mamilioni ya mahujaji waliupita mlango ule. Lakini walio wengi katika parokia zetu, na hasa wale wa mwambao wa Ziwa Nyasa, hawakwenda. Walisikia habari redioni, waliona picha, wakasali nyumbani, wakaendelea na jembe, na wavu, na chungu.

Mlango umefungwa, lakini swali moja lingali linaulizwa katika jumuiya, penye magulio, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Nalo ni hili: Je, ni haki mtu maskini ajinyime miaka mingi ili aione Roma mara moja tu?

Wapo wanaojibu upesi kwamba si haki. Roma, wasema, ni ya matajiri na ya mapadre waliotumwa masomoni. Maskini na anunue bati la nyumba yake, alipe mahitaji ya shule ya mtoto wake, asali Rozari nyumbani, na Mungu atamsikia. Wapo pia wanaojibu upesi kwamba ni haki, tena ni lazima. Mkristo asiyeiona Roma, wasema, ni kama mtoto asiyemjua bibi yake. Basi na akope, na auze shamba, mradi aende. Majibu haya mawili yanapingana, lakini yana kosa la namna moja: yote mawili hayahesabu. La kwanza halihesabu thamani ya safari. La pili halihesabu gharama yake. Leo twataka kuhesabu yote mawili, kwa maana jambo hili si la matembezi tu, bali ni la dhamiri.

Tena si jambo la kungojea. Katika barua yake ya kutangaza Jubilei, Papa Fransisko alikwisha kuwaelekeza Wakristo kwenye mwaka 2033, utakaotimiza miaka 2000 ya Ukombozi wetu. Toka kufungwa kwa Jubilei hadi mwaka huo ni miaka 7. Kwa mwenye mshahara mkubwa hiyo ni miaka mingi mno. Kwa mwenye kuweka akiba ya shilingi mia mia, kazi haina budi kuanza sasa.

Ili tusiseme hewani, tuchukue mfano wa Ikombe. Ikombe ni kijiji cha Wakisi, mbele ya Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka ghafula mpaka majini. Ardhi ya kulima ni nyembamba. Kwa hiyo tangu zamani wanaume wamevua samaki, nao wanawake wamefinyanga vyungu. Chungu cha Mkisi hupakiwa mtumbwini, hupelekwa gulio la Lyulilo, karibu na Matema, siku ya Jumamosi, na kutoka hapo huenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Wazee walivibadilisha kwa nafaka ya Wanyakyusa. Basi mtu asituambie kwamba watu wa Ikombe hawajui safari. Kazi ya mikono yao husafiri kila wiki, nao huishi kwa safari hiyo. Wala asituambie kwamba hawajui hesabu. Mama anayepakia vyungu mtumbwini, akijua kuwa mawimbi yatavunja vingine, na kuwa mnunuzi atapunguza bei, na kuwa hana budi kurudi nyumbani na unga, huyo ajua kupanga matumizi kuliko wengi walioisomea kazi hiyo.

Tumweke basi mbele ya macho yetu mama wa namna hiyo, mfinyanzi, Mkatoliki, ambaye ana hamu ya kusali penye kaburi la Mt. Petro. Tumwambie nini?

Kwanza tumjibu yule anayemzuia. Hoja yake ni ya zamani sana. Pale Bethania, Maria alipompaka Bwana marhamu ya nardo miguuni, palikuwa na mtu aliyeuliza kwa nini marhamu yale hayakuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Dinari 300 zilikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini Mwinjili Yohane anatuonya tumtazame aliyeitoa: alikuwa ndiye mshika mfuko, wala maskini hawakuwa haja yake. Hata leo yafaa tumtazame anayesema kwamba safari ya maskini ni ubadhirifu. Mara nyingi ni mtu ambaye mwenyewe amekwisha kupanda ndege mara kadhaa, wala hakuulizwa na mtu yeyote kama ilikuwa haki. Akisafiri tajiri, husemwa kwamba amekwenda kupanua mawazo. Akitaka kusafiri mfinyanzi, huulizwa juu ya bati. Hiyo si huruma. Ni kumwambia maskini kwamba yeye ameumbwa kwa ajili ya unga na bati tu, na kwamba uzuri, na kumbukumbu za mitume, na furaha ya kuona dunia ya Mungu, ni mali ya wengine.

Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Papa Bonifasi VIII alipotangaza Jubilei ya kwanza mwaka 1300, walioijaza Roma hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wa kawaida waliokuja kwa miguu, wakilala vibandani na makanisani. Mwaka 1548 Mt. Filipo Neri na wenzake walianzisha chama cha Utatu Mtakatifu, na katika Jubilei ya mwaka 1550 chama hicho kiliwapokea mahujaji maskini, kikawaosha miguu, kikawapa chakula na mahali pa kulala. Basi Roma imezoea wageni wasio na fedha, tena imejipatia watakatifu kwa kuwahudumia.

Wala mwana wa Afrika asione haya kana kwamba aingia nyumba ya watu. Nyuma ya Basilika la Mt. Petro, ndani ya Vatikano, lipo kanisa dogo la Mt. Stefano wa Wahabeshi. Katika karne ya 15 Papa Sisto IV aliwapa wamonaki wa Ethiopia mahali hapo, na mahujaji wao, waliokuwa wamepitia Misri na Yerusalemu, wakapata pa kufikia. Kwa msaada wa Wahabeshi hao Johannes Potken aliweza kupiga chapa Zaburi kwa lugha ya Geez mjini Roma mwaka 1513, miaka 4 kabla ya Martin Luther kuanza ubishi wake. Na katika kanisa kuu la Bikira Maria, lile ambalo Papa Fransisko amezikwa, yumo Mwafrika mwingine aliyezikwa zaidi ya miaka 400 kabla yake. Ni António Manuel, balozi wa Mfalme wa Kongo. Aliondoka kwao mwaka 1604, akafika Roma Januari 1608 baada ya kupitia Brazil, Ureno na Hispania, hali amenyang'anywa mali yake baharini na wenzake wengi wamekufa njiani. Alifika mgonjwa, Papa Paulo V akaenda kumtazama kitandani, na baada ya siku chache akafa. Sanamu yake ya marumaru nyeusi ingalipo. Mkisi akisimama mbele yake ataona kwamba njia ya kutoka Afrika kwenda kwa Mt. Petro haikuanza jana, wala haikuwa nyepesi.

Sasa tumjibu yule wa pili, anayemsukuma mama huyu akope na auze shamba. Huyu asahau kwamba Mungu hakai Roma kuliko Ikombe. Mt. Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, aliandika barua kuwaonya waliodhani kwamba kwenda Yerusalemu ni amri ya Bwana. Yeye mwenyewe alikuwa amefika huko, na aliona dhambi nyingi katika mji ule mtakatifu kama katika miji mingine. Aliwakumbusha kwamba kubadili mahali hakumsogezi mtu karibu na Mungu, ikiwa moyo wake haukubadilika.

Tena katika jambo hili Kanisa lina jeraha la zamani, na yatupasa kulitaja bila kuogopa, kwa kuwa ndugu zetu Walutheri ni jirani zetu wa kila siku. Injili ililetwa Ikombe na wamisionari wa Berlin katika miaka ya 1890, na jirani hao wajua vema habari za mwaka 1517: jinsi rehema zilivyohubiriwa huko Ujerumani pamoja na sanduku la fedha, ili kanisa jipya la Mt. Petro lijengwe. Fedha ya maskini ilitumika, na maskini akadanganyika kuwa neema ina bei. Mtaguso wa Trento uliyakemea mabaya hayo mwaka 1563, na mwaka 1567 Papa Pio V akafuta rehema zote zilizofungamana na malipo. Basi yeyote anayefundisha leo kwamba asiye na nauli amekosa neema, anaufungua upya mlango ambao Kanisa lenyewe liliufunga.

Katika Jubilei ya 2025 jambo hili liliwekwa wazi kabisa. Hati iliyotolewa Roma tarehe 13 Mei 2024 ilitangaza kwamba rehema kamili yaweza kupatikana kwa kwenda Roma, lakini pia kwa kuhiji katika kanisa kuu la jimbo, na vilevile kwa kuwatembelea wagonjwa, wafungwa, wazee walio peke yao na walemavu, kana kwamba mtu anafanya hija kwa Kristo aliyemo ndani yao. Naye Papa Fransisko, siku mbili baada ya kuufungua mlango wa Mt. Petro, alikwenda kufungua Mlango Mtakatifu mwingine katika gereza la Rebibbia. Mwenye masikio na asikie. Aliyebaki Ikombe akamwogesha mama mkwe mgonjwa hakuwa nyuma ya yule aliyepanda ndege.

Basi tumefika hapa: kwenda Roma si wajibu wala si dhambi. Ni jambo jema ambalo mtu yuko huru kulifanya au kuliacha. Na mahali penye uhuru ndipo penye haja ya hesabu. Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua, na kabla yake Bwana wetu alikwisha kutoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza ahesabu gharama. Wengi hudhani mfano ule ni wa wafanyabiashara. La hasha, ni wa wanafunzi wa Kristo. Kuketi na kuhesabu ni tendo la busara, nayo busara ni fadhila.

Tuhesabu basi kwa vyungu. Kwa mfano tu, tuseme kila chungu, baada ya kuondoa gharama za kuni, udongo na mtumbwi, kinamwachia mama huyu shilingi 3,000 za kuweka kibubuni; na ili hesabu iwe nyepesi, tuihesabu euro moja nayo kuwa shilingi 3,000. Hivyo euro moja ni chungu kimoja. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000: ni vyungu 50. Ada ya viza ya nchi za Schengen, ambazo Italia ni mojawapo, iliongezwa Juni 2024 ikawa euro 90: ni vyungu 90, tena hairudishwi hata mwombaji akinyimwa viza. Kuna bima ya safari, ambayo kwa sheria ya viza haina budi kufikia euro 30,000 za matibabu. Kuna boti hadi Matema, gari hadi Kyela na Mbeya, na basi hadi Dar es Salaam. Na safari hiyo ya Dar es Salaam ni mara mbili, kwa kuwa mwombaji viza aenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Kuna tiketi ya ndege, iliyo kubwa kuliko yote. Kuna malazi na chakula cha siku 7. Tuseme kwa jumla shilingi 4,500,000. Hivyo ni vyungu 1,500.

Mtu akitajiwa vyungu 1,500 hushtuka. Lakini tugawanye. Miaka 7 ina wiki 365 na siku kidogo; vyungu 1,500 kwa wiki 365 ni vyungu 4 na kidogo kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo swali la haki halimo katika vile 1,500. Limo katika hivi 4. Kila Jumamosi, akirudi kutoka gulioni, mama huyu yampasa ajiulize: Vyungu hivi 4 ni vya nani?

Ikiwa anadaiwa, ni vya mdai wake. Deni ni haki ya mtu, na hakuna hija inayoifuta. Ikiwa mtoto hana daftari wala sare, ni vya mtoto. Ikiwa mama yake mzazi ahitaji dawa, ni vya mama yake. Ikiwa mume hakuarifiwa, bado si vyake peke yake, kama vile fedha ya samaki si ya mume peke yake. Mume na mke ni mwili mmoja, na kibubu kilichofichwa mmoja wao huleta ugomvi mahali pa baraka. Mt. Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtu hana ruhusa kuwanyima walio chini ya ulinzi wake kile kilicho cha lazima kwa uhai wao, hata kama ni kwa kutoa sadaka. Ikiwa hata sadaka haina ruhusa hiyo, nauli itaipata wapi?

Lakini ikiwa hayo yamekwisha kutimizwa, na vyungu vile 4 vyatoka katika kitenge ambacho hakununua, na soda ambayo hakunywa, na saa aliyoongeza kufinyanga jioni, basi ni vyake kweli, na mtu asimsumbue. Maria wa Bethania hakuiba marhamu. Yalikuwa yake.

Na ikiwa mwaka wa tano mtoto ataugua, na kibubu kikavunjwa kumpeleka hospitali? Asilie kwamba hija imeharibika. Hija imebadili njia tu. Amemwendea Kristo aliye mgonjwa, na Kanisa limekwisha kusema kwamba hiyo nayo ni hija. Anayeweka akiba kwa roho hii hapotezi kitu, akienda au asipokwenda. Anayeiweka kwa roho ya majivuno amekwisha kupoteza kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Hapo ndipo tunapofikia jambo ambalo twaliona kuwa kiini cha shauri hili lote. Kila mtu hupenda safari iwe rahisi. Lakini urahisi ni wa namna mbili, na dhamiri hutofautisha moja na nyingine kwa swali moja: Nani analipa ile nafuu?

Urahisi wa kwanza hulipwa na msafiri mwenyewe, kwa jasho lake na kwa kujinyima. Asafiri miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, akiacha siku za Noeli, wakati wageni ni wachache na bei hupungua. Alale katika nyumba za watawa zinazopokea mahujaji, ambamo chumba ni kidogo na mlango hufungwa mapema usiku. Ale mkate na jibini. Anywe maji ya mabomba ya mitaani, ambayo huko Roma hutiririka mchana na usiku, wala hayauzwi. Atembee kwa miguu: ile njia ya makanisa saba, ambayo Mt. Filipo Neri aliwaongoza watu kuipita wakisali na kuimba, ni karibu kilomita 20, na mtu aliyezoea kupanda Milima ya Livingstone na mzigo kichwani hataiogopa. Makanisa makuu manne, yaani la Mt. Petro, la Mt. Paulo, la Laterani na la Bikira Maria, hayana kiingilio. Tiketi ya kuhudhuria mkutano wa Jumatano na Baba Mtakatifu ni bure. Majumba ya makumbusho ya Vatikano yana kiingilio, na anayeyaacha hakupungukiwa na hija yake. Katika Basilika la Mt. Petro, bila kulipa, ataiona sanamu ya Bikira Maria akimpakata Mwanawe aliyekufa, kazi ya Michelangelo ya mwaka 1498 na 1499, alipokuwa kijana asiyefikia miaka 25. Sisi tungependa kusikia mfinyanzi wa Ikombe asemavyo juu ya sanamu ile. Matajiri wengi huipiga picha wakapita. Yeye aliyeshinda na udongo mikononi tangu utoto atajua kazi ni nini.

Urahisi huo ni fadhila. Wahenga wa imani waliuita kiasi, na umaskini wa roho.

Urahisi wa pili hulipwa na mtu mwingine. Ni wa yule anayemfikia jamaa yake aliyeko Ulaya kwa siku tatu, akakaa miezi mitatu. Na wahenga walikwisha kusema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni wa yule anayeomba viza kama hujaji, akiazimia moyoni kutorudi, na kwa uongo wake huwafungia mlango mahujaji wa kweli watakaomfuata, ambao watashukiwa kwa sababu yake. Ni wa yule anayeazima fedha benki ili zionekane katika akaunti siku ya kuomba viza, kisha azirudishe. Ni wa yule aliyemwacha mfanyakazi wake bila ujira wa mwezi. Safari kama hiyo huonekana rahisi kwa sababu gharama yake imewekwa begani mwa mwingine. Jina lake si uangalifu wa fedha. Jina lake ni wizi, hata kama msafiri ameshika Rozari.

Na hapa yatubidi kusema neno moja gumu juu ya michango. Katika parokia nyingi ni desturi kuchangisha watu ili mmoja aende hija: pengine padre, pengine mwenyekiti, pengine mtu mashuhuri. Kumshukuru mtumishi wa Mungu kwa zawadi ni jambo jema. Lakini mchango wa bahasha unaotangazwa kwa jina kanisani, kila jumuiya ikipangiwa kiasi chake, si zawadi tena; ni kodi. Mjane anayetoa shilingi 2,000 kwa kuona haya, wakati nyumbani hakuna chumvi, ndiye anayelipa urahisi wa safari ya mwingine. Bwana wetu aliisifu sadaka ya mjane. Lakini katika sura hiyohiyo aliwalaani wanaokula nyumba za wajane kwa kisingizio cha sala ndefu. Sisi mapadre tuisome sura hiyo kwanza, kabla ya kuwasomea wengine.

Je, basi jumuiya isimtume mtu? La, na imtume. Ni jambo zuri kwamba watu 20 au 30, kila mmoja akitoa kidogo kwa hiari, wampeleke mmoja wao akasali kwa niaba ya wote, akirudi awasimulie. Watu wetu wajua upatu na vikoba. Namna hiyo si ngeni kwao. Lakini iwe na masharti matatu. La kwanza, atoaye awe huru kutotoa, na jina lake lisitajwe. La pili, hesabu iandikwe na isomwe mbele ya wote, hadi nauli ya boti. La tatu, atakayekwenda asichaguliwe kwa cheo. Mitume walipotaka kujaza nafasi ya Yuda, waliwaweka wawili wanaofaa, wakasali, wakapiga kura, ikamwangukia Matia. Yawezekana kura ikamwangukia mwenyekiti. Lakini yawezekana pia ikamwangukia mama wa vyungu. Na akienda huyo, hata waliobaki watakuwa wamekwenda, kwa sababu atarudi gulioni Jumamosi na kusema kwa lugha yao.

Wala tusisahau hija zilizo karibu. Kanisa kuu la Mbeya lafikika kwa basi. Bagamoyo, mahali wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868, ni katika nchi yetu wenyewe. Namugongo, huko Uganda, kila tarehe 3 Juni hujaa mahujaji, na wengine hutoka Tanzania kwa miguu. Mashahidi wale walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na kutangazwa huko kulifanyika Roma. Lakini utakatifu wenyewe ulipatikana Namugongo, kwa moto, mwaka 1886. Roma ilikiri tu kile ambacho Mungu alikuwa amekifanya Afrika. Mwenye vyungu 100 visivyotosha nauli ya ndege asijione mnyonge. Mungu hakumwekea mbali.

Basi, msomaji mpenzi, twalijibu swali kwa ufupi. Maskini anayo haki ya kwenda Roma, kama tajiri. Haki hiyo haitoki katika mfuko, yatoka katika ubatizo. Hana wajibu wa kwenda, na asipokwenda hakupungukiwa na neema. Akitaka kwenda, ahesabu kwanza ya wengine, yaani deni, watoto, wazazi, mwenzi wake wa ndoa, na jirani aliye katika shida kubwa; kilichobaki ni chake, na asione haya kukitumia kwa ajili ya Bwana. Atafute nafuu ambayo yeye mwenyewe ataigharimia, wala asitafute ile inayomlemea mwingine. Nasi wachungaji tusigeuze hamu ya waumini kuwa mradi wetu.

Mwaka 2033 utafika, tukiishi au tukifa. Anayetaka kuhiji mwaka huo na aketi wiki hii, yeye na mwenzi wake, na daftari moja na kalamu moja, aandike upande mmoja anachodaiwa, na upande mwingine anachoweza kuacha. Ukurasa huo, ukiandikwa kwa kweli, ni nusu ya kutafuta dhamiri kabla ya kitubio. Na anayeuandika amekwisha kuanza hija yake, hata kama Jumamosi hii ameweka kibubuni bei ya chungu kimoja tu.